Kwa Yaya wa ploteri, Birere: wana-arshi wa Goma someni hii mbele ya jiri

Mara ya kwanza nasimama mbele ya jiri, lile jopo la maprof linalohukumu kazi zetu za arshitektiri, prof hakuniuliza hata neno moja juu ya wazo langu. Alitoa ile rula yake ya skeli, ya pembe tatu, akainama kwenye planshi (karatasi yangu kubwa ya michoro), akaiweka juu ya fasadi, sura ya mbele ya nyumba, akasoma, akarudia kusoma tena, halafu akasema, "Binti, hapa umeandika mita 10. Mimi napata 9,70. Tufuate gani, maandishi ao mchoro?" Wote kimya. Mimi nikaangalia planshi nikaona kila kitu kiko sawa, juu kwa macho kweli kilikuwa sawa.

Kwenye kompyuta yangu plani ilikuwa 1/100 sawasawa, santi moja kwenye karatasi ni mita moja ya kweli. Shida ilitokea mahali nilichapishia, tena mahali pazuri tu katikati ya mji, kijana aliona mstari wa pembeni unataka kukatwa na mashine akabonyeza ile sehemu ya kuingiza mchoro wote ndani ya karatasi, bila kuniuliza, mashine ikapunguza yote kwa asilimia 3 hivi. Asilimia 3 huwezi kuiona lakini rula inaiona. 1/100 yangu ikawa karibu 1/103, kipimo ambacho hakiko kwenye rula ya mtu yeyote. Wiki sita za kazi, usiku wa kulala saa nane na kuamka saa kumi na moja, na jiri nzima ikageuka mazungumzo ya milimita 3.

Jioni ile mkubwa mmoja wa lisansi ya tatu aliniuliza ulichapisha wapi, nikamwambia, akatikisa kichwa akasema kwani hawajakuonyesha kwa Yaya, mwenye ploteri, ile mashine ya kuchapisha karatasi kubwa? (Yaya huku kwetu ni mkubwa wako, si mlezi wa watoto.) Kesho yake akanipeleka. Ni miaka miwili na nusu sasa na sijachapisha planshi ya mistari mahali pengine, na kwa sababu kila mwaka naona watoto wa mwaka wa kwanza wanalia kwenye korido kwa kitu kile kile, acha niandike yote, mazuri na mabaya.

Jina la duka siandiki kwa sababu haliko nalo. Hata kibao hakuna, mlangoni kuna karatasi ya A3 tu imeandikwa A0 A1 A2, zile saizi za karatasi kubwa, na mshale. Iko ndani ya vile vichochoro vya mbao na mabati vya Birere, uliza motari (mtu wa pikipiki) yeyote anayebebaga wanafunzi wenye bomba la michoro mgongoni atakufikisha. Mtaa huu na katikati ya mji ndiko lava ya volkano ya Nyiragongo ya 17 Januari 2002 ilipita ikielekea ziwani, na chini ya duka bado ni jiwe lile lile, halikusawazishwa, mbao zimelazwa juu yake tu. Meza ya ploteri mguu mmoja umewekewa kipande cha mti ili ikae sawa, na kila asubuhi Yaya anaweka nivo (kipima usawa) juu ya mashine mbele ya kuiwasha, juu anasema mashine ikiinama karatasi inatembea upande.

Ndani kuna ploteri mbili. Moja ya roli ya milimita 610 ambayo inatosha A1, juu upande mfupi wa A1 ni milimita 594, na nyingine kubwa ya 914 kwa ajili ya A0, ambayo upande wake mfupi ni 841. Kompyuta mbili, meza ya kukatia yenye kioo juu, rafu ya karto, na ukutani, hapa ndipo mimi nilipenda kabisa, wamebandika planshi zote zilizoharibika za miaka na miaka. Wino ulimwagika, karatasi ilijikunja, mtu alikosea jina la prof, yote inaenda ukutani kuzuia upepo. Kwa hiyo unangoja zamu yako huku unasoma kazi za wakubwa: soko, maternite, gati la mashua, shule za msingi nyingi sana. Kuna moja ya shule ambayo paa la mabati limenyanyuliwa juu ya dari na nafasi katikati ili joto litoke, mwenyewe aliandika pembeni kwamba amejifunza kwa shule ya Gando ya Francis Kéré, yule mtu wa Burkina Faso aliyepata tuzo ya arshitektiri ya Pritzker 2022, Mwafrika wa kwanza kuipata. Mimi sehemu ile ya paa niliielewa pale ukutani, nimesimama kwenye foleni na flashi mkononi, kabla hata hatujaifikia kwenye kozi.

Sasa kazi yenyewe. Ukimpa Yaya flashi, hachapishi. Anafungua PDF, anaenda moja kwa moja pembeni chini, anatafuta mstari wa santi 10. Kama haupo anakurudisha. Siku ya kwanza aliniambia, "Mdogo, weka mstari wa santi kumi hapa, kwa kila planshi, hata kama asistanti hajaomba. Huu njo shahidi yako." Halafu anakata kipande kidogo cha karatasi, anachapisha ile pembe tu, bure, anaweka rula ya chuma juu ya mstari mbele yako, na wewe mwenyewe unasoma. Ikiwa santi 10 ni santi 10, anaachilia A1. Ikiwa 9,7 ao 9,9, anarudi kwenye mipangilio mpaka itoke. Inachukua dakika tatu, labda nne. Kwa wiki ya jiri watu ishirini wako nyuma yako wanapiga kelele na bado anafanya, hajawahi kuruka hata kwa mtu mmoja nikiwepo.

Pia anaangalia unene wa mistari. Wengi wetu tunachora kila kitu na mstari mmoja, kwenye skrini unazuma unaona vizuri, ukichapisha, ukuta ambao plani imeukata pamoja na tofali la sakafu vinafanana na hakuna anayeelewa nyumba iko wapi. Yaya anataka ukuta uliokatwa uwe mzito, milimita 0,5 hivi, fanicha nyepesi, na sakafu nyepesi kabisa 0,13, na anakuambia haraka sana, bila kukudharau, halafu anakuachia kompyuta ya pili urekebishe pale pale. Ile kompyuta ya pili hailipishwi. Mimi nimekaa pale mara moja masaa mawili narekebisha plani ya orofa na hakuna aliyeniambia toka.

Na kuna hii ambayo kwangu inasema mtu ni wa aina gani. Mwaka wa pili nilitengeneza planshi yenye fondo (rangi ya nyuma) nyeusi yote, maandishi meupe, nilikuwa nimeona mahali nikaipenda. A1 ya mistari kwake nalipaga dola 2, ya rangi ao ya wino mwingi dola 5. Angechapisha tu, apate dola 5 mara nne. Alinitazama akasema karatasi hii ni ya gramu 90, nikiijaza wino itakuwa kama nguo iliyoloa, itajikunja mawimbi, ukiisokota kwenye bomba itajibandika yenyewe kwa yenyewe, na asubuhi utaifungua mbele ya watu inachanika. Geuza iwe nyeupe. Nikageuza, nikalipa dola 8 badala ya 20. Mwenzangu mmoja alipeleka yake nyeusi mahali pengine usiku ule ule, na asubuhi tulimsaidia watu wanne kuifungua kidogo kidogo na bado pembe moja ilibaki imeng'oka.

Tuje kwa maketi, ule mfano mdogo wa jengo tunaoutengeneza na karto, juu hapa ndipo wanafunzi wengi pesa inaishia.

Anauza karto ya kijivu ya milimita 2, karto plimu (ile yenye povu ndani) ya milimita 5, kalki (karatasi inayopitisha mwanga), kole (gundi), vijiti vya brosheti kwa nguzo. Bei ya karto plimu inapanda na kushuka kufuatana na mpaka, inatoka ng'ambo, na ukikuta imeisha imeisha, hakuna mahali pengine Birere utaipata nzuri. Zingine ambazo zinauzwa sokoni ndani ni povu laini sana, ukisukuma kidole inaingia. Kabla ya kununua popote, bonyeza kwa kucha pembeni, ikirudi nunua, ikibaki na shimo acha.

Kuna kijana pale anakata, tunamuita Petit ingawa sasa amekuwa mrefu kutuzidi wote. Niliketi kando yake siku moja akinikatia vipande vya terra, yaani ardhi ya kiwanja, na nikajua kwa nini yangu ilikuwa inachanika. Anashika kateri, kile kisu cha wembe, chini sana, karibu na makali, kidole cha shahada kimelala mgongoni mwa chuma. Anapita mara tatu. Ya kwanza nyepesi kabisa, kama anachora na kalamu, inafungua karatasi ya juu tu. Ya pili inaingia ndani ya povu. Ya tatu inamaliza karatasi ya chini na unasikia sauti inabadilika, inakuwa kavu. Hapindishi mkono kwenye kona, anageuza karto yenyewe. Na kila baada ya vipande vichache anavunja ncha ya wembe na koleo, tik, anaitupa kwenye kopo la maziwa, juu wembe uliochoka haukati povu, unaivuta. Mimi nilikuwa natumia wembe mmoja wiki nzima na nguvu zote za bega, nasukuma mara moja, halafu nalalamika karto ni mbaya.

Projet yangu ya mwaka wa pili ilikuwa nyumba ya familia kwenye mtaa wa Majengo, kwenye parsel (kiwanja) ya lava, na kwa sababu maketi ilikuwa 1/100 kila tabaka la karto ya milimita 5 lilikuwa nusu mita ya mwinuko. Nilikuwa nimepanga kuacha karto nyeupe kama wote wanavyofanya. Petit akaniuliza, jiwe la kwenu ni nyeupe? Akaniletea kichujio cha chai na kopo la mchanga mweusi wa volkano, ule ule tunaokanyaga, akanionyesha: chuja upate unga na punje ndogo tofauti, paka kole iliyoongezewa maji kidogo, mwagia unga kwanza, ngoja, halafu punje mahali jiwe limesimama. Asubuhi yake mbele ya jiri asistanti aligusa maketi na kidole mbele ya kuangalia plani, na swali la kwanza aliloniuliza lilikuwa shimo la choo utalichimbaje hapa. Hilo njo swali la Majengo kweli. Kila mtu aliyejenga Goma anajua kuchimba mita mbili ndani ya jiwe hili ni kazi ya kupiga nyundo siku na siku. Karto nyeupe isingemfanya aulize.

Bahati nilikuwa na jibu, choo nilikinyanyua juu ya msingi wa mawe na kuweka ngazi tano, na nyumba yenyewe mbao juu ya mawe, inayofunguliwa vipande vipande, juu huku kwetu watu wanajenga mbao si kwa umaskini peke yake, wanajenga hivyo kwa sababu wameona lava 2002 na wameona tena 22 Mei 2021 na wanajua mbao unaweza kuihamisha. Kwenye paa nilihesabu maji: mita 6 kwa 9 ni mita mraba 54, mvua ya milimita 20 inaleta karibu lita 1080, yaani bidoni 54 za lita 20 ambazo mama hatapanga foleni kwazo. Hesabu ile niliiandika kubwa kwenye planshi kwa ushauri wa nani? wa Yaya, ambaye aliikuta imefichwa kwenye maandishi madogo ya pembeni akasema hii ndiyo mtu atakumbuka, itoe.

Lakini sababu kubwa ya mimi kukaa naandika usiku huu ni projet ya mwaka huu. Tulipewa kiwanja upande wa magharibi, ukielekea njia ya Sake, karibu na ziwa, tutengeneze kituo cha wavuvi wa sambaza (samaki wadogo wa ziwani), mahali pa kukaushia, stoo, na vyumba viwili vya walinzi. Kiwanja kiko na bonde dogo katikati. Mimi nikaona zawadi, nikaingiza stoo ndani ya bonde, nusu chini ya ardhi, baridi kwa samaki, na chumba cha mlinzi kando yake, fasadi ikawa chini na nzuri, haizuii ziwa. Asistanti aliiona mara mbili kwenye koreksyo. Wenzangu waliiona. Wote walipenda kupe, ule mchoro unaoonyesha bonde na jengo vimekatwa katikati.

Jioni nikaenda kuchapisha kwa ajili ya pre-jiri. Yaya akafungua, akaangalia santi 10, sawa, akaangalia mistari, sawa, halafu akabaki kwenye kupe. Kimya. Akaniuliza kiwanja ni wapi, nikamwambia. Akasema, "Mimi nilikulia upande ule. Mdogo, huyu mlinzi wako analala mahali mazuku inalala."

Kwa msomaji ambaye hajaishi huku: mazuku ni gesi ya kaboni dioksaidi inayotoka ardhini kwenye nyufa za volkano. Ni nzito kuliko hewa, haina rangi, haina harufu, kwa hiyo inajikusanya mabondeni na mashimoni kama maji, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa umetulia. Mbuzi anashuka kula majani hapandi tena. Mtu mzima anayepita amesimama anaweza asihisi kitu, na mtoto anayetembea kando yake, kichwa chake kikiwa chini zaidi, akaanguka. Wazee wa huku walikuwa na jina lake na walijua mabonde ya kukwepa kabla ya mtu yeyote kuja na kipimo. Na mimi mtoto wa Goma nilimlaza mtu chini ya ardhi, ndani ya bonde, dirisha moja, kwa sababu fasadi ilikuwa nzuri.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki pale nikatetemeka kweli. Yaya hakunifundisha arshitektiri, hajasoma arshitektiri, alinichorea tu na biki nyuma ya karatasi iliyoharibika vile nyumba ya baba yake ilivyokuwa, juu ya mawe, mlango upande wa juu wa kiwanja, na mama yao akiwakataza kushuka bondeni asubuhi mbele ya jua kupanda. Hakuchapisha planshi ile. Alisema hii siwezi, rudi nayo. Nilipoteza pre-jiri, niliingia na michoro ya mkono kwenye kalki, nikasema wazi mbele ya wote kwa nini. Bonde likabaki tupu, nikapanda miti tu kulizunguka na ukuta mfupi wa mawe ili mtoto asishuke, vyumba vikapanda juu kwenye msingi wa santi 90, stoo ikawa na matundu chini na juu ili hewa itembee. Fasadi sasa ni ndefu na inaonekana kutoka mbali. Ni mchoro bora zaidi nimewahi kufanya na ulianzia kwa mtu wa ploteri.

Najua mtu atasema hiyo ni kazi ya asistanti, si ya duka. Ndiyo. Lakini fikiria, yule mtu amekuwa anasoma plani zetu kila siku kwa miaka, za shule zote za mji, mbele ya jiri zote, na anazisoma kweli, hazipiti tu mkononi. Sijui wangapi wetu wanasoma plani nyingi hivyo.

Basi mabaya nayo, yapo.

Foleni. Wiki ya jiri usifike baada ya saa tisa mchana, utatoka usiku, na kurudi usiku mji huu kwa sasa wote tunajua. Hana namba za zamu, anafuata daftari, na daftari watu wanajiandika wenyewe kwa hiyo kuna ugomvi. Nimemwambia mara mbili aweke vikaratasi, anasema ndiyo, haweki.

Rangi. Mistari yake ni safi lakini rangi si nguvu yake. Kijivu cha jiwe la lava kinatoka na bluu ndani, kahawia ya mbao inaenda kwenye nyekundu. Kama kijivu ni muhimu, ukitengeneze na nyeusi tupu, usichanganye rangi tatu, hapo kinatoka sawa. Perspektivu kubwa yenye anga na watu na miti mimi naipeleka kwenye duka lingine la mjini, ghali zaidi, wana mashine nzuri ya picha, ila pale wanachapisha ulichowapa bila kufungua macho, kwa hiyo santi 10 yako uipime mwenyewe kabla hujalipa.

Vumbi. Mlango uko wazi kwenye kichochoro, vumbi jeusi linaingia, kalki ikiachwa juu ya meza dakika kumi unaona alama za vidole. Beba kitambaa.

Umeme ukikatika katikati ya A0, karatasi inabaki nusu. Anaichapisha upya bila kulipisha, hilo nalisema kwa haki yake, imenitokea mara tatu, lakini muda haurudi. Roli ya 914 pia inaisha na kuingoja inaweza kuwa wiki, tangu uwanja wa ndege ufungwe Januari 2025 roli zinakuja kwa barabara. Piga simu kwanza kama unataka A0.

Na kosa moja kubwa: Januari hii planshi yangu ya kupe iliondoka ndani ya bomba la kijana wa shule nyingine anayeishi Himbi. Niligundua saa nne usiku. Nilipiga simu, Yaya mwenyewe akatafuta kwenye daftari nani alifuata nyuma yangu, akampigia, na saa kumi na mbili asubuhi motari alikuwa mlangoni kwetu na planshi, tayari amelipwa. Sikulala, niseme ukweli, na hasira ilinikaa siku mbili. Tangu siku ile wanaandika jina na biki nyuma ya kila karatasi. Na wewe uhesabu zako kabla hujatoka, moja moja.

Malipo: anapokea pesa ya simu na franga. Dola mnazijua, ikiwa na mpasuko wa milimita moja hakuna anayeitaka Goma nzima, na tangu benki zifungwe mwisho wa Januari 2025 noti zimechoka kabisa, lakini franga hata zilizobandikwa skochi anachukua. Deni hatoi kwa mtu mpya. Kwa wa zamani anaandika, na mimi alinichapishia jiri moja nzima bila hata mia, nikamlipa baada ya wiki mbili, hakunipigia simu hata mara moja kunikumbusha.

Bomba hauzi. Mvua ya Goma haikupi taarifa, kwa hiyo nunua kipande cha PVC kwa watu wa plombri, mita moja, kipana kiasi cha mkono kuingia, kofia mbili za mfuko wa plastiki na kamba ya baiskeli. Usikate fupi: A1 ina urefu wa milimita 841 lakini unaisokota kwa upande wa 594, na A0 ukiisokota vizuri inaingia 841, kwa hiyo mita moja inatosha zote mbili mpaka utakapomaliza masomo.

Anafungua saa mbili mpaka jua kuzama, wiki ya jiri mpaka watu waishe. Jumapili hafungui, anaenda ibada na familia, msimsumbue. PDF mpeleke nayo kwenye flashi na ujitumie pia kwa WhatsApp, flashi moja kati ya tatu pale inakataa. Kama faili lako ni la AutoCAD peke yake atakuambia urudi, na ana haki, kompyuta yake haina fonti zako na maandishi yatahama.

Jiri yangu ya mwisho ni Alhamisi. Planshi sita za A1 na maketi ya 1/200, nimemwandikia tayari, amejibu niende Jumanne asubuhi, "na lete ile kupe ya kwanza, ya mlinzi bondeni, Petit anaitaka ukutani."